Chef na Protini Isiyongoja Kiini

Kila asubuhi alivuka mto kutoka Lubunga akiwa miguu mitupu, viatu vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Akifika ng'ambo ya huku aliketi ukingoni, akapangusa vidole kimoja kimoja, ndipo akavaa soksi. Mimi nilifika chuoni juu ya toleka, ile baiskeli ya kubebea watu, viatu vyangu vikiwa vimeng'arishwa tangu nyumbani Mangobo. Lakini wanafunzi waliinuka kwa heshima alipoingia yeye. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma kwanza, na sitaki mtu adhani kwamba namkumbuka kwa moyo mweupe.

Tulimwita Chef. Kwenye vyuo vyetu, mtu aliyepita uasistenti na hajafika uprofesa ana cheo cha chef de travaux, na wengi hukaa hapo miaka michache wakaondoka. Yeye alikaa hapo hata cheo kikawa jina. Wauza samaki wa soko la Mangobo walimwita Papa Chef bila kujua ni chef wa nini, na kila alipopita walimwongezea kisamaki kimoja juu ya fungu. Mimi nilizaliwa hatua mia mbili kutoka soko hilo na sijawahi kuongezewa hata pilipili. Nilikuwa asistenti wake. Yeye alifundisha biolojia ya seli, mimi nilishika mazoezi ya maabara, maana yake yeye alisema na mimi nikaosha vioo.

Hakuwa msemaji mzuri, ndiyo maana nilikasirika zaidi. Alimumunya maneno. Aliandika ubaoni kwa herufi za kuku, akabana chaki kama dawa, akitumia kipande mpaka kinamwishia kwenye kucha. Alichelewa karibu kila siku, akisingizia mto, hata siku ambazo mto ulikuwa umetulia na tuliwaona wenzake wa Lubunga wamefika kitambo. Niliwaambia wanafunzi kwa upole kwamba utaratibu ni nusu ya sayansi. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kumngoja mlangoni.

Umeme wa mji wetu unatoka kwenye maporomoko ya Tshopo, na miaka ile ya vita ulikuja ulipotaka. Tulikuwa na darubini mbili za kizamani zenye kioo chini, zisizohitaji umeme, na Chef aliziweka dirishani zishike jua. Wanafunzi sitini walipita mmoja mmoja. Yeye alikaa kando kwenye kiti cha chuma, akimwuliza kila mmoja ameona nini, na hakuridhika na jibu la kitabu. Mtu akisema ameona kiini, yeye anauliza, "Umekiona, ao umeambiwa?" Wengine walirudi nyuma ya mstari wakaangalie upya. Zoezi la saa mbili lilikula siku nzima, nami nilibaki nimesimama na ratiba yangu mkononi.

Sasa niseme juu ya protini yake, maana bila hiyo hamtaelewa nilichomfanyia.

Kuna protini mwilini ambayo wataalamu huiita p53. Kazi yake ni ulinzi. Seli ikiharibika, nyuzi zake za urithi zikikatika, protini hiyo huongezeka na kuisimamisha seli ijitengeneze kwanza. Ikishindikana, huiamuru ife kabla haijageuka uvimbe. Watu wengi wenye saratani, ukichunguza uvimbe wao, unakuta mlinzi huyo ameharibika. Hapo hakuna aliyebishana. Ubishi ulikuwa juu ya mahali anapotolea amri. Kitabu changu, kikubwa, kilichotoka Ulaya kabla ya vita, kilisema kwamba protini ile huingia ndani ya kiini cha seli, huwasha jeni, jeni zinaleta protini nyingine, na hizo ndizo zinazoua. Kwa hiyo bila kiini hakuna kifo.

Chef alisema ni kweli, lakini si kweli yote. Alisema mlinzi yule anaweza kuua akiwa nje ya kiini, bila kuwasha jeni hata moja, kwa kwenda mwenyewe kwenye mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Miaka ya nyuma, barua na majarida vilipokuwa bado vinafika, alisoma juu ya seli zilizozuiwa kwa dawa zisitumie jeni zao, na bado zilikufa kwa amri ya protini ile. Alikuwa na karatasi moja tu iliyochakaa kwenye mikunjo, pamoja na daftari la mawazo yake. Juu ya hiyo alijenga sura nzima ya kazi aliyokuwa akiiandika ili apande apate shahada ya udaktari.

Nilimwambia karatasi moja si ushahidi. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Na kama hapana?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila kitu. Mwanafunzi akija kwenye mtihani wa mdomo, akamwaga jibu zuri bila kukosea, Chef alimwacha amalize, akauliza, "Na kama hapana?" Waliojitetea aliwapa alama nyingi, na waliobadili jibu haraka ili kumpendeza aliwarudisha warudie mtihani Septemba. Mimi nami aliniuliza hivyo mara nyingi, mbele ya watu, akiniita mudogo yangu. Tulipishana miaka saba tu.

Kulikuwa na somo moja ambalo sikumsamehe. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamepigana katikati ya mji wetu siku kadhaa, kila mmoja wetu akiwa chini ya kitanda chake au ndani ya shimo alilochimba uani. Tulipotoka tulizika watu. Umeme haukuwapo, mabomba yalikuwa makavu, watu walikunywa maji ya mto na kuhara. Chuo kilipofunguliwa, ukumbi ulikuwa na matundu ukutani na wanafunzi waliokaa kimya. Nilikuwa nimeandaa kurasa kumi na moja juu ya kifo cha seli, kwa mpangilio, na nilimwomba Chef aniachie saa ya kwanza. Akanijibu vizuri sana kwamba atasema kidogo tu, kisha ataniachia.

Alisimama mbele bila karatasi. "Donc," akasema, "mutu akitaka kuua huu muji, atafanya namna gani? Ataingia kwa bureau ya maire, akamate stylo, asaini ordre? Hapana. Atakwenda kwa barrage, kule Tshopo. Atatoboa kule tu. Courant inakufa, maji inakufa, hôpital inakufa. Na maire iko anakaa kwa bureau yake, hajue kitu." Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha ukumbi wote, kicheko cha kwanza nilichosikia tangu mizinga inyamaze. Hapo hapo akawaeleza: kiini ni ofisi ya meya, mitokondria ni bwawa la umeme, na utando wa bwawa hilo ukitobolewa, kiprotini kidogo kilichokuwa kimefungiwa ndani kinamwagika, kinaamsha vimeng'enya vinavyoikata seli vipande vipande kutoka ndani. Wanafunzi waliandika mpaka kalamu zikawaka. Saa yangu ikaisha.

Nililala wiki tatu bila umeme ule ule, nikichota maji ya mto ule ule, na havikunifundisha kitu. Hilo ndilo lililonitafuna. Angekuwa ameiba mfano wangu ningepiga kelele, lakini hakuiba. Mfano ulikuwa umelala barabarani, wote tukaupita, yeye akauokota. Nilingoja asifiwe mpaka aharibikiwe, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakamsifu. Hakutia maji.

Nisiseme alikuwa malaika, kwani hakuwa. Alidanganya kwenye mchezo wa dame, ile drafti, bila haya. Tulicheza wakati wa chakula cha mchana, kwa vifuniko vya chupa, na ukigeuka kuangalia nani anapita, ukirudi kifuniko chako kimoja kimetembea. Ukimshika, anakuuliza kama una ushahidi. Alikuwa mwoga wa mbwa, mtu mzima, mwanamume wa mvi. Aliazima vitabu na kuvirudisha vina harufu ya samaki. Aliimba kanisani kwa sauti ya juu nje kabisa ya wimbo, na padri hakuthubutu kumwambia. Haya yote niliyaweka moyoni kwa uangalifu, na nilipoyahitaji kuwachekesha asistenti wenzangu niliyatoa. Walicheka, kisha mmoja wao akasema kwa mapenzi, "Ah, Chef," nikaona kwamba nimemfanyia kazi ya kumpendezesha.

Alipingana na nafsi yake pia. Alisema seli nzuri ni ile inayojua kufa. "Seli haiogopi kufa," alisema, "inaogopa kubaki mubaya." Lakini yeye hakuweza kutupa kitu chochote: kioo kilichopasuka, kalamu tupu, kuku aliyevunjika mguu ambaye alimfunga kijiti na kumlisha pondu, majani ya mihogo, mpaka akanenepa. Na mwanafunzi mmoja aliyeingia jeshini upande wa waasi alipokuja maabara na bunduki begani kumsalimia, akamwambia kwa kujivuna kwamba Chef ndiye aliyewafundisha kuwa wengine lazima wafe ili mwili upone, Chef alibadilika rangi. Alirusha chaki nzima ukutani, yeye aliyeibana chaki. Akasema seli ni seli na mtu ni mtu, na kwamba akisikia tena neno hilo mahali popote atafuta alama zote alizowahi kumpa. Kijana mwenye bunduki akaomba radhi kama mtoto wa kwaya. Baadaye nilimkumbusha Chef kwamba ni yeye aliyelinganisha seli na mji. Akafikiri sana. Akasema nimesema kweli, na kwamba kuanzia hapo atasema wazi mfano unaishia wapi. Hata kukosolewa alikosolewa vizuri kuliko mimi.

Juu ya mke wake alisema mara moja tu. Alikufa kwa uvimbe wa titi, mwaka ambao hakukuwa na ndege wala dawa, na Chef alikuwa ameuona ukikua. Alisema alipokuwa akimwosha kidonda alifikiri juu ya zile seli zilizokataa kufa, na akajiuliza kama kweli mlango wa kifo ni mmoja tu. Kama iko mmoja, na ule umefungwa, basi hakuna kitu. Lakini kama kuna mlango mwingine, nje ya kiini, siku moja mtu mwenye maabara nzuri anaweza kuusukuma. Alisema hayo akikwangua moto wa pasi ya makaa, maana alikuwa akipiga pasi shati lake mwenyewe. Nakumbuka nilichofikiri, na ni aibu yangu: nilifikiri kwamba hata sababu yake ni nzuri kuliko yangu.

Kisha ikaja habari ya nafasi. Chuo kimoja cha Ulaya, kwa huruma ya vita vyetu, kilitoa nafasi moja ya kwenda kusoma udaktari, kwa mtu wa idara yetu ambaye kazi yake ya mwisho ingepita mbele ya jopo mwaka ule. Tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa na kazi juu ya ngozi ya chura, safi, isiyobishaniwa na mtu kwa sababu hakuna aliyeijali. Chef alikuwa na ile yake ya protini, sura tano, na kila mtu alijua kwamba sura nne ni za dhahabu na moja ina miguu ya udongo. Bila ushahidi mpya jopo lingeikataa sura ile, na bila sura ile yeye asingekubali kuwasilisha. Kwa hiyo nafasi ilikuwa yangu kama ushahidi haupo, na yake kama upo.

Alimwomba padri mmoja mzee, mzungu, aliyesafiri na ndege za misaada hadi Nairobi, amtafutie ushahidi kwenye maktaba za huko. Alimwandikia kwenye kikaratasi maneno sita ya Kiingereza, na mimi ndiye niliyemsahihishia Kiingereza chenyewe. Wiki nne zikapita. Siku moja askari wakafunga mto, hakuna pirogue, mtumbwi wa kuvukia, iliyovuka, na Chef akabaki kwake Lubunga. Asubuhi hiyo hiyo padri akaingia maabara, jasho linamtiririka, gari linamngoja nje kumpeleka uwanja wa ndege kwenda kituo kipya mbali kabisa. Akanipa bahasha. Akasema, "Umupe Chef. Mwambie nimetafuta siku mbili." Akanishika mkono, akaondoka, na sikumwona tena.

Bahasha haikufungwa. Nilikaa kwenye kiti cha chuma cha Chef nikasoma kurasa zile mara mbili, mara ya pili nikitafuta kosa. Hazikuwa na kosa. Watu wenye maabara nzuri walikuwa wameikuta protini ile kwenye mitokondria mapema, mara seli ilipopewa sababu ya kufa, kabla mitokondria zenyewe hazijaanza kuharibika. Kisha wakaielekeza huko kwa makusudi, kwa njia ambayo haikupita kiinini, na seli zikafa. Yote aliyoyasema mtu yule kwa karatasi moja iliyochakaa na mfano wa bwawa.

Nilitaka kumpa kesho yake. Naapa nilitaka. Niliweka bahasha kwenye mkoba wangu ili isilowe. Kesho yake mto ukafunguliwa, akaja, na kabla hajafika mlangoni nikasikia wanafunzi wakipiga makofi barabarani kwa sababu tu amevuka salama. Nami nilikuwa nimekuja kila siku. Akaingia anacheka, akaniuliza kama père amepita.

"Amepita," nikasema.

"Ameacha kitu?"

"Hakuacha kitu, Chef."

Akasema, "Bon. Atakuwa alikosa. Ile muzee alijaribu," akaenda dirishani kusafisha kioo cha darubini. Angenishuku ningeweza kukiri kwa hasira. Yeye akamtetea padri. Nilibaki nimeshika mkoba, na kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza bahasha na uongo vyote viwili.

Jopo lilikuwa na maprofesa watatu. Walisifu sura nne. Ya tano wakaicheka kidogo, wao na ukumbi mzima, si kwa ubaya, kama watu wazima wanavyomcheka mtoto anayeuliza mbingu inaishia wapi. Mwenyekiti akasema: toa sura hii, tunakupitisha leo hii, ama lete shahidi mpya mmoja, mmoja tu. Chef akajibu kwamba shahidi hana na kuitoa hawezi, kwa sababu anaamini ni kweli. Ni desturi kwetu, kabla jopo halijaamua, mwenyekiti amgeukie asistenti wa maabara aseme anachokijua juu ya kazi ile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona ikifanyika. Akanigeukia. Mkoba ulikuwa katikati ya miguu yangu, na ndani yake bahasha.

Nikasema sina la kuongeza.

Wakairudisha kazi yake. Ya chura ikapita asubuhi iliyofuata kwa nusu saa. Njia ya mwongo ni fupi, wazee wanasema. Yangu ilinifikisha Ulaya.

Huko nilisoma vizuri, nikala vizuri, nikaona theluji. Siku moja mwalimu wetu wa huko, kijana wa kaptura, alichora seli ubaoni, akachora mshale kutoka nje ya kiini mpaka kwenye mitokondria, akasema kwamba siku hizi inajulikana p53 inaua kwa njia hii pia, akageukia jambo lingine. Dakika mbili. Wanafunzi wenzangu walinakili huku wanapiga miayo. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti. Niliona haya, ndiyo, haya ya kweli. Lakini pembeni ya haya kulikuwa na yule mdudu wangu wa zamani, akiniambia kwamba Chef angekuwa amekaa pale, angeinua mkono akauliza swali lake, na yule kijana wa kaptura angemwinukia kwa heshima.

Niliporudi nyumbani vita vilikuwa vinasemekana vimekwisha. Askari wa kigeni wenye kofia za buluu walikuwa bado mjini, na toleka zilikuwa nyingi kuliko zamani. Chef alikuwa ameacha chuo. Waliniambia macho yake yameingia ukungu, haoni tena herufi, na anaishi Lubunga na shamba lake la mihogo. Nilipewa saa zake za kufundisha. Nilichora seli, nikachora mshale, nikaeleza, na wanafunzi waliandika kimya. Baada ya mwezi mmoja hivi nilichukua bahasha, nikavuka mto.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba, anamenya mihogo ya kulowekwa, akiipapasa kwa vidole kabla ya kukata. Aliijua sauti yangu mara moja. Aliniletea kiti mwenyewe, akakataa nimsaidie, akauliza Ulaya wanatumia darubini gani. Halafu, kabla sijafungua mdomo, akasema ana neno la zamani la kunishukuru. Siku ya jopo, alisema, watu wote ukumbini walicheka, hata wale aliowafundisha. "Wewe peke yako hukucheka," alisema. "Ulinyamaza. Nilisema kwa batu yote ya hapa: ule mudogo yangu aliniheshimu."

Ningeweza kuipokea shukrani ile nikarudi kwetu. Niliitaka. Badala yake nikamwambia, nikiwa naangalia mihogo: padri aliacha bahasha, nilikuwa nayo siku ile, ilikuwa katikati ya miguu yangu, na uliyosema juu ya protini yalikuwa kweli.

Kisu kikasimama. Macho yake meupe yakaelekea nilipo, lakini pembeni kidogo. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejitayarishia matusi tangu upande wa pili wa mto.

"Iko wapi?" akauliza.

"Niko nayo hapa, Chef."

"Inasema nini? Soma."

Nikasoma. Nilikuwa natafsiri Kiingereza kwa Kiswahili na Kifaransa, sentensi kwa sentensi, na sentensi ya tatu tu akanisimamisha, akasema nimeruka neno. Kweli nilikuwa nimeruka. Alitaka kujua ni seli za aina gani, walipima saa ngapi baada ya kuzidhuru, walijuaje kwamba protini haikuchungulia kiinini hata kidogo. Nilimsomea maelezo ya picha kwa sababu picha hakuweza kuziona, akaninyooshea kidole nichore mchangani kwa ukubwa, akachuchumaa akapitisha mkono juu ya mistari. Pale waliposema seli zilikufa akacheka kwa sauti, akapiga paja, akasema, "Rudia ile." Nikarudia. Akauliza kama wamesema nini hasa kinafungua utando wa mitokondria. Nikasema kwenye kurasa zile bado. Akaniuliza kama huko Ulaya wanalitafuta, nikasema wanalitafuta sana. "Eeh," akasema, "kazi ingali iko," na uso wake ukawa kama wa kijana anayeambiwa kesho kuna mpira.

Tulimaliza jua likiwa bado juu. Akanyoosha mkono nikampa kurasa. Alizipanga kwa vidole, kingo kwa kingo, akazikunja mara moja, akaziweka ndani ya mfuko wa shati.

"Bon, monsieur," akasema. "Nimesikia. Umesoma muzuri. Sasa uvuke. Na usirudi tena kwangu."

Hakupandisha sauti. Akapapasa mpaka akakipata kisu, akachukua muhogo mwingine. Nilisimama pale nikingoja aongeze kitu, hata laana, na hakuongeza, na mwisho nikatembea mpaka mtoni.

Kwenye pirogue nilikaa nyuma, viatu vyangu vikiingia maji. Nilikuwa na saa zake za kufundisha, na udaktari uliokuwa uwe wake. Yeye alikuwa na kurasa tano asizoweza kuzisoma, na mchana ule, kwa saa mbili nzima, alikuwa na furaha ambayo mimi sijapata kuijua juu ya kitu chochote. Nilimwonea wivu mpaka tukafika ng'ambo.